Samaki Mwenye Barua Mgongoni

Wasomaji wa bara, na hata baadhi ya watu wa pwani, hustaajabu wasikiapo kwamba wako watu waingiao baharini alfajiri kwa mashua ya gharama kubwa, wakashindana na sulisuli mpaka mikono ikafa ganzi, na samaki anapofika ubavuni mwa chombo wakamwacha aende zake. Kwa mtu ambaye watoto wake wangoja kitoweo, jambo hili laonekana kuwa wazimu, au hata kufuru. Wala haifai kumcheka aulizaye, maana swali lake ni la haki na lastahili jibu.

Kuvua kwa mshipi kwa ajili ya mchezo si jambo geni katika pwani ya Kenya, kutoka Shimoni hata Malindi. Kaskazi ivumapo, sulisuli, mwenye pezi kubwa mgongoni mfano wa tanga, hukaribia Malindi na Watamu akifuata makundi ya samaki wadogo. Nduaro, ndugu yake mkubwa zaidi, hupita mbali kidogo penye maji ya kina. Hapo zamani desturi ya vilabu vya wavuvi ilikuwa moja: samaki aliletwa pwani, akatundikwa penye mizani, akapimwa ratili zake, na mvuvi akapigwa picha amesimama kando yake. Siku hizi vilabu vingi vimegeuza hesabu, na katika mashindano yao samaki aliyeachiliwa akiwa hai na mwenye alama humpa mvuvi sifa kuliko aliyekufa.

Mpango huu una asili yake Marekani. Mwaka 1954 Bwana Frank Mather, mtaalamu wa chuo cha uchunguzi wa bahari cha Woods Hole, alitaka kujua jodari na jamaa za sulisuli huenda wapi. Meli za uchunguzi hazikuweza kunasa samaki wa kutosha, kwa kuwa ni wepesi mno nao wametawanyika katika bahari pana. Lakini wavuvi wa vilabu walikuwa wakiwanasa kwa fedha zao wenyewe. Basi akawapa alama na kuwaomba wamsaidie. Jodari wawili waliotiwa alama mwaka ule karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard walinaswa mwaka 1959 katika Ghuba ya Biscay, ng'ambo ya pili ya Atlantiki. Miaka mingi baadaye nduaro wa buluu aliyetiwa alama mbele ya pwani ya Delaware alionekana tena karibu na Mauritius, katika Bahari ya Hindi, baada ya miaka kama mitatu na safari ya maili zaidi ya 9,000.

Katika pwani ya Kenya kazi ya namna hiyo imeendeshwa tangu mwaka 1990 na shirika liitwalo African Billfish Foundation, lenye makao yake Watamu, likitegemea manahodha na wageni wa vilabu. Alama yenyewe ni kishale kidogo chenye utepe wa plastiki, na juu ya utepe pameandikwa namba na mahali pa kupeleka habari. Kishale huchomwa kwa fimbo katika nyama ya mgongo, karibu na pezi. Baharia huandika katika kadi aina ya samaki, tarehe, mahali, na ukubwa wake kwa kukisia. Kisha samaki aliyechoka hushikwa ubavuni, kichwa mbele, huku mashua ikienda polepole ili maji yapite katika mashavu yake hata apate nguvu. Nahodha mwenye haraka ya kurudisha mshipi majini huiruka kazi hii ya mwisho, na hapo alama yake huwa imetiwa katika maiti.

Ndoana nayo ina neno lake. Wataalamu wawili wa Marekani, Horodysky na Graves, walitangaza mwaka 2005 habari za nduaro weupe 40 wa Atlantiki walionaswa na wavuvi wa mchezo na kufungwa vyombo vya kutuma habari kwa njia ya setilaiti. Walionaswa kwa ndoana ya duara walikuwa 20, na wote waliishi. Katika 20 wengine, walionaswa kwa ndoana ya kawaida, walioishi ni 13 tu. Sababu ni kwamba ndoana ya kawaida mara nyingi humezwa ikararua matumbo, lakini ya duara huteleza ikashika pembeni mwa mdomo. Kilabu kinachojisifu kuwaachilia samaki, na huku chawavua wenye chambo kwa ndoana ya kuua, kinajidanganya.

Walakini kutia alama ni nusu ya kazi tu, nayo ndiyo nusu iliyo rahisi. Huko Atlantiki, ambako kazi ilianza zamani, katika kila samaki 100 wa jamaa hii wanaotiwa alama, wanaoonekana tena hawafiki wawili. Na yule mmoja aonekanaye, mara nyingi hanaswi na tajiri mwenye mashua. Katika Bahari ya Hindi sulisuli wengi huangukia katika nyavu za wavuvi wa kazi, wa Iran, Pakistani, India na Sri Lanka, na pwani ya Afrika hunaswa pia na watu wa ngalawa na jarife. Sulisuli waliotiwa alama upande wa Abu Dhabi walipatikana baadaye katika maji ya Iran. Hakuna kilabu kilichoweza kuipata habari hiyo peke yake. Ilipatikana kwa sababu mtu mwenye wavu aliuona utepe asiutupe.

Hapa ndipo lilipo jibu la yule mwenye watoto wanaongoja kitoweo. Samaki asiyejua mpaka wa nchi hawezi kulindwa na nchi moja. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama wake, iliweka mwaka 2018 mipaka ya uvuvi: sulisuli wasizidi tani 25,000 kwa mwaka, na nduaro wa milia, ambaye tathmini za Tume zimeonyesha kwamba amepungua mno, wasizidi tani 3,260. Mataifa yakigawana hesabu za namna hii, nchi isiyo na maandishi ya samaki wake huketi barazani bila neno la kusema. Kadi za vilabu, zikifika kwa wataalamu pamoja na taarifa za wavuvi wa nyavu, ndizo maneno hayo.

Lakini vilabu visidhani kwamba mvuvi wa ngalawa atafanya kazi hii bure milele. Aliyepeleka alama yake hana budi kupewa zawadi iliyoahidiwa, na zaidi ya zawadi apate jibu: samaki yule alitoka wapi, na aliogelea siku ngapi. Mtu asiyejibiwa mara ya kwanza hapeleki ya pili, na jirani zake pia hawapeleki.

Apataye samaki mwenye alama na aikate, aandike namba, siku na mahali, kisha aipeleke kwa afisa wa uvuvi au kamati ya BMU ya pwani yake. Nyama ni yake, hakuna atakayemdai. Ila kabla ya kupasua ampime, tangu ncha ya taya la chini mpaka penye panda ya mkia, wala asianzie kwenye upanga wa juu, kwa sababu huo huvunjika mara nyingi na kipimo chake huwapotosha wataalamu.