Wauguzi wetu wanakimbia mshahara mdogo, ama namna ya kuongozwa?

Katika hospitali na vituo vya afya vya jumuiya zetu huku mashariki, swali linarudi kila mwaka: kwa nini wauguzi wanatuacha? Jibu la haraka ni mshahara. Ni kweli, lakini halimalizi jambo. Vituo viwili vinaweza kulipa karibu sawa, na huku wauguzi wakadumu, kule wakaondoka mmoja mmoja. Tunaona kwamba tofauti iko kwa yule anayeongoza.

Tuanze na pesa, maana ndipo uongozi unapojulikana. Wauguzi wengi wa Kongo hawapati mshahara wa Serikali hata kama wamefanya kazi miaka mingi. Wanaishi kwa primu inayotoka katika kile wagonjwa walicholipa mwezi ule. Mwezi mbaya, primu inakuwa kidogo, na muuguzi anaelewa. Asichoelewa ni kutojua kiasi kilichoingia, kilichonunua dawa, na kilichobaki kugawanywa. Mkuu anayebandika hesabu ukutani kila mwisho wa mwezi anaweza kutoa primu ndogo bila manung’uniko makubwa. Anayeficha daftari atashukiwa hata akigawa kwa haki.

Tulijifunza hayo wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020. Waliochukuliwa na timu za kupambana na ugonjwa walilipwa kwa dola. Wenzao waliobaki kwenye wodi za kawaida, wakiwa karibu na hatari ile ile, waliendelea na primu ya zamani. Kilichouma zaidi ni kwamba mara nyingi hakuna aliyewaeleza majina yalichaguliwa namna gani.

Si kwamba amri ni mbaya sikuzote. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ilipokea majeruhi kupita vitanda vyake. Saa kama hiyo hakuna mkutano. Mmoja anasema, wengine wanakimbia. Shida inaanza pale sauti ya siku ya vita inapobaki baada ya risasi kunyamaza: zamu zinabadilishwa usiku bila kuuliza, muuguzi anakaripiwa mbele ya mgonjwa wake. Na benki za mji zilipofunga milango, hata mwenye mshahara hakuweza kuufikia. Wakati huo neno la mkuu, na kuja kwake wodini, lilikuwa na uzito kuliko siku zote.

Kuna pia mkuu asiyegombana na mtu, kwa sababu hayupo. Yuko semina. (Semina hazikosekani kwetu.) Wauguzi wake wanaamua peke yao usiku, na kosa likitokea, anarudi haraka kutafuta mwenye hatia.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Frederick Herzberg, aliandika mwaka 1959 kwamba malipo na mazingira mabaya yanamchukiza mfanyakazi, lakini kuyatengeneza peke yake hakumpi furaha; furaha inatoka katika kazi yenyewe, kutambuliwa na kupewa madaraka. Tunaikubali nusu ya pili. Ya kwanza tunaisoma kwa uangalifu, kwa sababu pesa isipotosha chakula cha watoto, sifa hazipikwi.

Hapo ndipo makanisa yetu yanapokosea. Tunapenda kusema “uongozi wa utumishi”, lakini mara nyingi neno hilo linamwangukia muuguzi: yeye ndiye anayeombwa avumilie kwa sababu ni mtumishi wa Bwana, huku mkuu akibaki mkuu. Utumishi uanze kwa mwenye ufunguo wa kasha.

Kwa kanuni za nchi, mkuu wa wauguzi ana kiti katika kamati ya uongozi ya hospitali, pamoja na daktari mkurugenzi na msimamizi wa mali. Je, anaulizwa kabla ya uamuzi, ama anaitwa kutia sahihi? Wawakilishi wa kisheria na wachungaji wanaotembelea hospitali zetu wanaweza kumwuliza hilo, faragha, daktari akiwa hayupo chumbani. Kisha waombe waonyeshwe ukuta ambapo hesabu ya mwezi uliopita imebandikwa.