Marufuku haimfundishi mzazi kusoma

Februari 2023, Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni, vikiwemo vya mfululizo wa "Diary of a Wimpy Kid" wa Jeff Kinney. Magazetini wakajitokeza walioona kazi imekwisha: orodha ipo, mzazi alale.

Alale vipi? Orodha hiyo inahusu shule. Mzazi wa kijijini Kisiba, Mbeya, anayeshinda kwenye chai na ndizi, bado ana mtoto mwenye simu, na simuni riwaya za falme na mazimwi hazina mkaguzi. "A Game of Thrones" ya George R. R. Martin (1996) ina joka, ndiyo. Ina pia binti wa miaka 13 anayeozwa kwa mbabe wa vita, na kitandani mwandishi hafungi mlango. Jalada la upanga halisemi hayo.

Wengine hudai ukatili huo umetoka ng'ambo. Si kweli. Liyongo, shujaa wa tendi zetu, anauawa usingizini na mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba kitovuni. Katika "Adili na Nduguze" ya Shaaban Robert, ndugu wanamtosa ndugu yao baharini kwa husuda. Wanageuzwa manyani na kuchapwa kila usiku. Vizazi vimesoma hayo, mwalimu akiwa pembeni kuyaeleza.

Kinachotofautisha ni umri, kiasi na mtu wa kuulizwa. Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kukataza, soma sura tatu, kisha muulize mwanao ameelewa nini.