Tunawataka wachague njia ambayo hawajawahi kuiona

Likizo ya Aprili nilikuwa nyumbani Wema. Mpwa wangu, mwanafunzi wa Gredi ya 9, alinijia na daftari mkononi. Mwalimu alikuwa amewaambia waanze kufikiria mkondo watakaousomea sekondari pevu. Akaniuliza, "Mjomba, STEM ni kazi gani?"

Nilicheka kwanza, kisha nikaona haya. Kijana huyu ana akili na hesabu anaijua. Lakini neno ambalo Wizara ya Elimu inataka lielekeze maisha yake alikuwa amelisikia kama jina la ofisi fulani Nairobi. Nilipomuuliza wenzake wanasemaje, alijibu kwamba waliambiwa wenye alama nzuri waende STEM, basi ataandika hivyo.

Kwa wasomaji wasio na mtoto katika madarasa hayo, mambo yako hivi. Chini ya mfumo wa 2-6-3-3-3, mtoto anamaliza Gredi ya 9 akiwa na miaka 14 au 15. Anafanya mtihani wa KJSEA, halafu anaingia mmoja wa mikondo mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo. Kundi la kwanza, la watoto zaidi ya milioni moja, lilifanya mtihani huo mwaka 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari mwaka huu. Kila mmoja alitakiwa kuorodhesha shule 12 na masomo anayoyataka. Wizara ilikadiria kwamba asilimia 60 wataingia STEM, asilimia 25 Sayansi ya Jamii, na asilimia 15 Sanaa na Michezo.

Sisi wa 8-4-4 tulichagua kozi baada ya Kidato cha Nne, tukiwa tumeshaota ndevu. Watoto wetu wanaulizwa swali hilo miaka mitatu minne mapema. Sina ugomvi na mpango wenyewe. Ninachouliza ni hiki: mtoto wa Wema, Hewani au Kulesa atachaguaje kazi ambayo hajawahi kumwona mtu akiifanya?

Tuhesabu pamoja. Mtoto wa hapa anamjua mwalimu, muuguzi wa zahanati, chifu, polisi, mhubiri au shehe, mwenye duka, na vijana wa bodaboda. Anamjua mkulima na mfugaji kwa sababu ndio wazazi wake. Na anamjua mwanasiasa, kwa vile huja kila baada ya miaka mitano. Hizo ndizo kazi anazoziona kwa macho. Mtoto wa Nyali mwenye umri kama wake huenda ana mama mhasibu, mjomba nahodha wa meli, na jirani anayetengeneza programu za simu. Wote wawili watajaza orodha ileile ya shule 12.

Basi nikafanya jambo dogo. Nina binamu ambaye ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja Mombasa. Alizaliwa hapahapa, akachota maji katika mto huuhuu. Nilimpigia simu ya video jioni moja, tukiwa tumekaa chini ya mwembe pale ambapo mtandao hushika vizuri kidogo. Nilidhani nitakuwa na mpwa wangu peke yake. Ndani ya dakika kumi walikuwa saba, wamebanana mbele ya simu moja.

Binamu alianza kama wanavyoanza wageni wote wa shule: someni kwa bidii, mtegemeeni Mungu, epukeni makundi mabaya. Watoto wakaitikia kwa adabu na macho yakaanza kutangatanga. Kisha msichana mmoja akauliza, "Anti, siku ya kwanza ulipofika Mombasa kusoma, ulilala wapi?"

Hapo mazungumzo yakaanza kweli. Binamu akanyamaza kidogo, akasema alilala kwa jamaa wa mbali, watu wanane chumba kimoja, na kwa muhula mzima alisomea kwenye ngazi kwa sababu ndiko kulikokuwa na taa. Akaeleza kwamba karo ya mwaka wa kwanza ilitoka kwa mbuzi wa babake na basari, na kwamba mwaka wa pili alikaribia kuacha. Hakuna aliyetangatanga tena. Kijana mmoja wa jamii ya wafugaji akauliza kama wanapima na damu ya ng'ombe. Binamu akamwambia hiyo ni maabara nyingine, na iliyo karibu nasi iko Mariakani, inachunguza magonjwa ya mifugo. Yule kijana akageuka akatutazama sote: "Kumbe kuna watu wameajiriwa kujua ng'ombe amekufa na nini?"

Simu ilikatika mara tatu. Bando ya shilingi mia iliisha kabla maswali hayajaisha. Lakini nilijifunza kitu ambacho semina za kuwapa wanafunzi moyo hazijawahi kunifunza. Watoto wetu wamehimizwa vya kutosha. Wanachokosa ni zile habari ndogondogo za njiani: masomo gani, nani alilipa, ulilala wapi, ulianguka wapi ukainuka vipi. Habari hizo hazimo kwenye kitabu cha mwongozo wala kwenye bango la ukutani. Hutoka kwa mtu anayeulizwa na kujibu papo hapo.

Ndiyo maana ninaamini mazungumzo ya video ya moja kwa moja, kati ya wanafunzi na watu walio kazini, yanafaa kuingizwa katika shule zetu za Tana Delta kabla ya kundi lijalo kuchagua. Na si jambo geni. Huko kambi ya Kakuma, Turkana, mwalimu Mbelgiji Koen Timmers alianza mwaka 2015 kuwafundisha wanafunzi wakimbizi kwa Skype, akianza kwa kuwatumia kompyuta yake mwenyewe, kisha walimu wa nchi nyingine wakajiunga naye. Dadaab, kwa majirani zetu wa Garissa, shirika la UNHCR na Vodafone Foundation waliweka madarasa yenye umeme wa jua, tableti na intaneti ya setilaiti katika programu waliyoianza mwaka 2013. Ikiwa mtoto aliye kambini anaweza kuzungumza na mtu aliye Ulaya, wa Wema hashindwi kuzungumza na mtu aliye Mombasa.

Lakini tusikimbilie kununua mitambo. Kuna mambo manne ambayo tusipoyaangalia, mpango huu utaishia kwenye kofia, fulana na picha za uzinduzi.

La kwanza ni wazungumzaji. Wakichaguliwa madaktari bingwa na marubani peke yao, tutakuwa tumewadanganya watoto. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa takriban 246,000 kati ya zaidi ya 962,000 ndio waliopata C+ na zaidi, ambayo ndiyo alama ya kuingia chuo kikuu. Hiyo ni kama robo tu. Robo tatu waliobaki nao wana maisha ya kuishi. Kwa hivyo fundi wa majokofu, mpima ardhi, mhudumu wa meli, mtengenezaji wa pampu za maji na msindikaji wa maembe waitwe pia, na waeleze vyuo vya ufundi walivyopitia. Na wawe wengi wao ni wa huku kwetu. Mtoto akisikia lafudhi ya mtoni kwenye simu, anaacha kufikiri kwamba kazi hizo ni za makabila ya watu wengine.

La pili ni wakati. Mazungumzo yakija wiki moja kabla ya kujaza orodha ya shule, hayana faida. Yaanze Gredi ya 7, mara moja kwa mwezi, ili mtoto afike Gredi ya 9 akiwa amesikia watu ishirini na zaidi. Na maswali yaandaliwe na watoto wenyewe darasani siku moja kabla. Mzungumzaji apewe dakika kumi, zinazobaki ziwe zao.

La tatu ni usalama. Mwalimu awepo mwanzo hadi mwisho, simu iwe ya shule, na nambari za watu binafsi zisibadilishwe, hasa kwa wasichana. Tumeona ya kutosha kuhusu watu wazima wanaojifanya wafadhili.

La nne ni mto wenyewe. Mafuriko ya 2018, ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024 yaliziondoa familia nyingi za Delta majumbani, na masomo yakavurugika. Chombo chochote kitakachonunuliwa kiweze kubebwa kwa mtumbwi. Paneli ndogo ya sola, betri, skrini moja na kipaza sauti vinaweza kuzunguka shule nne au tano kwa zamu. Siku mtandao ukigoma, sauti pekee itatosha. Mtu huyuhuyu anaweza kuulizwa maswali kwa simu ya kawaida iliyounganishwa na kipaza sauti.

Tukumbuke pia Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na kutofunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021. Taifa liliambiwa masomo yanaendelea mtandaoni. Huku kwetu yaliendelea kwa waliokuwa na simu, umeme na bando, na wengine walichunga na kulima. Teknolojia ikiachwa ijipeleke yenyewe, huenda kwa aliye nacho. Ndiyo sababu sitaki mpango huu uachiwe mzazi mwenye simu janja.

Nani basi aubebe? Hapa ndipo tunapopigwa chenga kila mara. Kwa Katiba ya 2010, kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa. Ukienda Hola utaambiwa nenda Nairobi. Lakini kaunti hiyohiyo hutoa basari, na Hazina ya NG-CDF ya Garsen ni ya elimu kwa sehemu kubwa. Pesa za kununua seti moja ya vifaa kwa kila wadi si pesa za kushinda watu. Tena vyuo vya ufundi, ambavyo ni vya kaunti moja kwa moja, vina haja kubwa ya wanafunzi. Wakufunzi wake wangeweza kuwa wazungumzaji wa kwanza kabisa, bila malipo.

Wapo watakaosema kwamba video haijengi maabara. Ni kweli, nami nasema hivyo hivyo. Si kila sekondari pevu inafundisha mikondo yote mitatu, na mtoto anayevutiwa na kemia kisha akakuta shule ya karibu haina hata birika la kuchemshia maji, ameumizwa mara mbili. Lakini nimeona pia jambo la kinyume. Wazazi wasiojua kazi ya mtaalamu wa maabara hawaulizi maabara ya shule iko wapi. Watoto wale saba, siku iliyofuata, walimuuliza mwalimu wao. Sijui aliwajibu nini, ila najua swali limefika.

Kuna faida nyingine ambayo siwezi kuipima. Watoto wa Gredi ya 9 mwaka huu walikuwa wachanga mgongoni mwa mama zao wakati wa mapigano ya 2012, Wapokomo na Waorma walipouana kwa sababu ya malisho na mashamba. Chini ya mwembe ule walikuwepo wa pande zote mbili, wakigombea nafasi ya kuiona skrini ya inchi sita.

Ningeulizwa nani aitwe kwanza, jibu ninalo. Huko juu ya mto wetu kuna mabwawa matano ya umeme: Kindaruma la 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere la 1988. Maji yetu yamewasha taa za nchi hii kwa zaidi ya nusu karne, na bado kuna nyumba huku mtoto anasomea kibatari. Mabwawa hayo yakijaa na kufurika, onyo hutolewa kwa walio chini ya mto, nasi ndio tulio chini kabisa. Aitwe mhandisi wa KenGen kwa video, akiwa palepale bwawani, awaonyeshe watoto mitambo na awaeleze alisoma nini mpaka akafika pale. Kisha awaachie waulize.

Mpwa wangu ameshaandika swali lake kwenye daftari: maji yakitoka Masinga leo, yatafika Wema baada ya siku ngapi, na ni nani anayehesabu?

Sasa ameanza kuelewa STEM ni kazi gani.