Nyumba na Shamba: Jani Lifaalo kwa Kiota cha Maji Moto

Mwenye mikorosho kumi na mwenye mikorosho mia wana adui mmoja: kunguni wa mimea afyonzaye chipukizi na korosho changa hata zikakauka. Kwa jamaa zetu wa Nhica do Rovuma, katika wilaya ya Palma kusini ya mto Ruvuma, jambo hili si dogo. Vita vilivyoanza Cabo Delgado mwaka 2017 viliwakimbiza watu wengi wa wilaya hiyo wakaacha mashamba, na kwa arudiye, korosho chache ndizo chumvi na daftari za watoto. Dawa ya dukani ni ghali. Lakini yupo mlinzi asiyedai mshahara: chungu wa mitini tumwitaye maji moto.

Kumfuga si jambo geni. Kitabu cha Kichina kinachohesabiwa kuwa cha mwaka 304 kinasimulia jinsi viota vya chungu wa jamii hii vilivyouzwa sokoni ili kulinda michungwa. Huku kwetu, mtaalamu M. J. Way alichapisha mwaka 1954 uchunguzi wake juu ya maji moto wa Unguja; na kunguni aharibuye nazi changa na korosho ana jina la kitaalamu litokanalo na lake, Pseudotheraptus wayi.

Wako wafugao chungu nyumbani kwa kuwatazama tu. Chungu wa ardhini huwekwa katika neli ya kioo yenye maji na pamba, au katika jasi na udongo. Mapenzi hayo yamezaa magendo: Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, baada ya kukutwa na malkia wapatao 5,000 ndani ya neli zenye pamba.

Maji moto hafugiki hivyo. Nyumba yake ni jani bichi lingali mtini. Watenda kazi hushikana kiuno kwa kiuno, wakavuta kingo za majani. Wengine huwabeba watoto wao mdomoni, na uzi wa hariri utokao kwa watoto hao ndio gundi. Basi kazi ya mfugaji ni kuchagua mti.

Kwanza, jani liwe pana na jepesi kukunjika, na majani yakaribiane: mwembe, mchungwa, mpera na mkorosho hufaa. Jani la mnazi ni jembamba na gumu. Mwenye minazi apande michungwa au midimu katikati. Pili, mti usipukutishe majani yote kwa pamoja, kwani kiota kikikauka huhamwa. Tatu, matawi yagusane. Yasipogusana, funga kamba kutoka mti hadi mti iwe njia yao.

Ukihamisha viota, fanya hivyo wakati wa ubaridi. Kata kitawi pamoja na kiota, kitie guniani, ukakifunge katika mti mpya. Chukua viota vingi vya kundi moja, maana malkia hukaa katika kimoja tu, na bila yeye kundi halidumu. Makundi mawili usiyachanganye: weka chungu wa huku na wa kule pamoja; wakipigana, ujue si ndugu. Tena kagua shina kwanza, kwa sababu chungu wadogo wa ardhini wenye askari wa vichwa vikubwa huwafukuza maji moto.

Hatuna budi kusema na upungufu wake. Maji moto hatibu ubwiriubwiri, ambao ni ugonjwa wa ukungu. Huwatunza wadudu magamba kwa ajili ya utamu wao. Tena huuma na kurusha tindikali, ndiyo asili ya jina lake. Mchuma maembe ajipake majivu mikononi. Mkorosho una nafuu, kwa kuwa korosho huokotwa chini.

Mwisho, anayepulizia sumu ya wadudu mti wenye viota amemuua mlinzi wake kwa mkono wake, na kunguni watakaporudi hapatakuwa na wa kuwazuia.