Mwanasaikolojia Hafundishwi kwa Vitabu Tu



Ndugu wasomaji, tunao vijana wanaosoma saikolojia hapa Bujumbura, katika Chuo Kikuu cha Burundi. Nyumbani huwa tunawauliza watapata kazi gani. Sisi tungependa liulizwe jambo jingine kwanza: wanapoanza kukaa na mtu mwenye shida, nani anawasimamia?

Aliyekulia Buyenzi anajua fundi gari anavyopatikana. Kijana anaanza kwa kushika spana na kuosha vyuma kwa petroli, na injini ya mteja haifungui mpaka fundi mkubwa awe amesimama pale. Ajabu ni kwamba nafsi ya mtu tunaikabidhi kwa urahisi zaidi kuliko Toyota.

Marekani wameliwekea jambo hili utaratibu. Anayesomea udaktari wa saikolojia ya tiba hutakiwa kufanya staji ya mwaka mzima kabla ya kumaliza, na wengi huifanya katika vituo vya ushauri nasaha vya vyuo vikuu, wakiwasikiliza wanafunzi wenzao. Katika staji zinazotambuliwa na chama chao cha wanasaikolojia, mwanagenzi hupata saa 4 za usimamizi kila wiki, na 2 kati ya hizo hukaa peke yake na msimamizi wake. Mazungumzo hurekodiwa kwa ruhusa ya mhusika, kisha wawili hao huyasikiliza: hapa ulimkatiza, hapa aligusia kifo nawe ukapita.

Mtu atasema wenzetu wana fedha. Kweli. Lakini usimamizi hauhitaji jengo la kifahari, unahitaji mtu mzima aliyebobea, saa zake, na chumba chenye mlango unaofungwa.

Na sisi tuna sababu kubwa kuliko yao. Vita vilivyoanza baada ya kuuawa Rais Ndadaye Oktoba 1993 viliingia hadi chuoni. Juni 1995 wanafunzi waliuawa ndani ya kampasi ya Mutanga, na wenzao waliosoma nao walikuwamo miongoni mwa wauaji. Mwishoni mwa Aprili 2015 chuo kilifungwa kwa ajili ya machafuko, na mamia ya wanafunzi wakaenda kulala nje ya ubalozi wa Marekani. Mwanagenzi wa leo anaweza kuwa mtoto wa aliyefiwa, na anayekuja kwake akawa mtoto wa yule ambaye familia yake inamnyooshea kidole. Atasikilizaje, kama hana mkubwa wa kumwambia usiku ule ule kilichomtikisa?

Kuna jambo la lugha pia. Masomo yanatolewa kwa Kifaransa, lakini mtu halii kwa Kifaransa. Mama wa Kirundi atasema ana akabonge, yaani huzuni iliyomshukia ikamkalia, au atataja ihahamuka, ile hofu inayomlipukia mtu ghafla. Wa Buyenzi atasema tu, "Nina mawazo mengi." Mwanagenzi anayekimbilia kutafsiri maneno haya kwa istilahi ya kitabuni ameshampoteza mtu wake. Kazi ya msimamizi ni kumfundisha kuuliza: mawazo gani, yalianza lini, usiku unalala?

Wapo ndugu wanaosema kisomo kinatosha. Hatugombani nao. Mtume (s.a.w.) alituamrisha kutafuta dawa, na dua inabaki pale pale. Ila vijana wetu wafundishwe kumuuliza mgonjwa kwa adabu kama ameshasomewa, bila kucheka, na masheikh nao wawe na nambari ya simu ya mtu wa kumpelekea kijana anayesema anataka kujiua. Kijana huyo asingoje hadi wiki ijayo.

Tunawaomba wakuu wa chuo wasimtume mwanagenzi yeyote kwenye staji bila msimamizi anayejulikana kwa jina na saa zilizopangwa. Wazazi, tuwaruhusu mabinti waisomee kazi hii, kwa kuwa yapo mambo ambayo msichana wa Kiislamu hatamweleza mwanamume.

Lakini Buyenzi sote tunajuana. Anayeingia chumbani mle huenda ni mtoto wa jirani, na akihisi habari zake zitafika barazani hatarudi tena. Binti akirejea jioni kutoka staji, tumpe chakula, tumuulize kama amechoka. Nani alikuja leo, hilo tusimuulize.