Maji Hayatoki, Sisi Tunasahihisha Kiingereza

Muhula uliopita tulikuwa na kikao cha hosteli. Maji yalikuwa hayajatoka kwa siku 9, na hali ya vyoo kila mtu aliijua kwa pua yake. Kikao kiliendeshwa kwa Kiingereza kwa sababu alikuwepo mgeni kutoka utawala, na sisi tukimwona mtu wa utawala tunavaa Kiingereza kama joho la mahafali.

Dada mmoja wa mwaka wa kwanza akasimama, akasema: "We are getting difficulties to get water." Ukumbi mzima ukacheka. Mmoja akamsahihisha kwa sauti. Dada akakaa, hakufungua mdomo tena. Mimi, katibu wa bloku, nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Baadaye ndipo nikajua alichotaka kusema. Dirisha la chumba chake linatazama kibanda cha pampu. Alimwona fundi akifungua mota Jumanne, akaondoka nayo, hakurudi. Kati yetu sote ni yeye peke yake aliyekuwa na habari ya maana. Kikao kikafungwa kwa kauli kwamba "challenges" zinafanyiwa kazi.

Tuanze na kosa lenyewe, maana lina chanzo chake. Kwa Kiswahili shida unaipata. "Tunapata shida kupata maji" ni Kiswahili kisicho na doa, naye aliihamisha sentensi hiyo neno kwa neno. Waingereza husema "have difficulty getting water". Kwa nini "have", kwa nini "getting"? Ni mazoea tu ya maneno kukaa pamoja. J. R. Firth, mwanaisimu wa Uingereza, aliandika mwaka 1957 kwamba sehemu ya maana ya neno iko katika maneno linaloandamana nayo. Ndiyo sababu kuna kitabu kama Oxford Collocations Dictionary, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2002, ambacho kazi yake kubwa ni kukuonyesha neno gani linakaa na lipi.

Jozi za namna hii hazikaririwi kama fomula. Zinaingia kwa kusikia na kusoma sana. Wengi wetu tulisoma msingi kwa Kiswahili, tukafika kidato cha kwanza tukageuziwa lugha. Ukimcheka mtu kwa "difficulties to get", unacheka shule aliyotoka, na huenda ndiyo uliyotoka wewe.

Mimi mwenyewe niliyecheka nimeandika "solve the challenges" kwenye insha zaidi ya mara moja. Kiingereza kina "solve a problem", "overcome a difficulty" na "meet a challenge". Nilichanganya kwa sababu siku hizi tunasema "kutatua changamoto". Kutatua ni kuondoa tata, kama unavyofungua uzi uliojisokota, kwa hiyo tatizo na kutatua vinaelewana vizuri. Changamoto ni ndugu wa kuchangamka, ni jambo la kukutia ari. Leo maji kukatika ni changamoto, bumu kuchelewa ni changamoto, sapu tatu ni changamoto. Jamani, nani amechangamka hapo?

Hoja yangu ni kwamba jozi hizi tujifunze, na si kwa ajili ya mtihani tu. Ukisema "face a problem", tatizo limesimama mbele yako na hakuna aliyelileta. Ukisema "cause a problem", lazima umtaje aliyelisababisha. "Raise" ni kulitaja kikaoni. "Address" ni kulishughulikia, bila ahadi kwamba litakwisha. "Solve" ndiyo limekwisha. Kwa hiyo ofisi ikikujibu "the issue is being addressed", haijakudanganya, lakini pia haijakuahidi kitu. Asiyejua tofauti hiyo anatoka ofisini akifurahi. Mimi nilitoka hivyo.

Na barua niliyokuwa nimepeleka ilistahili jibu hilo. Niliandika: "We are facing some challenges regarding water services." Sarufi yake haina kosa. Lakini isome tena: pampu haimo, siku 9 hazimo, na hakuna mtu anayeombwa kufanya lolote. Yule dada na kosa lake alikuwa amesema mengi kuliko mimi.

Wapo watakaoniambia kwamba bila kusahihishwa mtu hajifunzi. Kweli kabisa. Ila mwache kwanza amalize hoja, kisha mkae vimbwetani umwelekeze taratibu. Wengine watasema basi tuachane na Kiingereza. Hapana, mitihani na usaili wa kazi vinatusubiri.

Ninaloomba ni dogo. Vikao vya hosteli viwe kwa Kiswahili kama wote waliopo wanakielewa. Mgeni wetu alikielewa, maana alitoka nje akapokea simu kwa Kiswahili cha Pwani. Kwenye daftari lako usiandike neno moja, andika na mwenzake. Na kabla ya kutuma barua yenye "face", jaribu kuiandika upya kwa "cause". Ukishindwa, ujue bado hujafahamu tatizo lenyewe, nenda kaulize kwanza.

Maji yalirudi siku ya 14. Siku mbili kabla, yule dada alikwenda ofisini na wenzake wawili, akauliza kwa Kiswahili: "Mota ilichukuliwa Jumanne ya wiki iliyopita. Iko wapi, na inarudi lini?" Hapakuwa na namna ya kujibu swali hilo kwa "being addressed".

Nimeshamwomba radhi. Alinisamehe, ila mpaka leo tukikutana kantini ananiita Mheshimiwa Challenges, nami naitika.