Mbwa Naye Achanwe Manyoya

Wako wakulima hapa skimuni watakaocheka wakisikia habari ya kumchana mbwa. Na wacheke. Lakini manyoya yanayopukutika hayakosi mahali pa kuangukia, na ndoo ya maziwa i karibu. Hatuwezi kuyazuia, maana ndivyo mbwa alivyoumbwa. Twaweza kuyatoa kwa brashi mara moja au mbili kwa juma, mbali na mahali pa kukamulia. Fuateni manyoya yanavyolala, mtazame na kupe masikioni. Mkiona ngozi tupu yenye magamba, hiyo si kazi ya brashi. Mwoneni daktari wa mifugo. Kisha naweni mikono kwa sabuni, kwani mayai ya tegu huweza kushika manyoyani, na watoto wetu ndio wamkumbatiao mbwa.